Kujiandaa kwa marathoni ya Kampala huku nikichangia watoto wenye seli mundu: naomba ushauri

Mwalimu wa Arua

Salaam kwenu wote mlio Uganda, na wenzetu mnaosoma kutoka nchi jirani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya jiji la Arua. Shuleni kwetu wapo wanafunzi kadhaa wanaoishi na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nao hukosa masomo kwa siku nyingi kila maumivu yanapowashika, na wazazi wao mara nyingi hulazimika kuchagua kati ya nauli ya kwenda kliniki na chakula cha nyumbani. Katika mkutano wa wazazi nilitangaza kwamba mwezi wa Novemba nitakwenda Kampala kukimbia marathoni, kilomita 42 kamili, na kwamba anayependa kuwasaidia watoto hao anaweza kuahidi kiasi fulani cha fedha kwa kila kilomita nitakayoimaliza. Watu wameitikia kwa wingi: wazazi, wafanyabiashara wa sokoni, walimu wa shule jirani, hata wanafunzi wangu wa zamani walioko Juba.

Nimekuwa nikikimbia kati ya kilomita nane na kumi, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na sijawahi kuvuka kumi. Sasa ni Julai. Tangu nianze kuongeza umbali, muundi wa mguu wa kulia unaniuma, hasa asubuhi ninapoteremka kitandani, ingawa nikishapata joto maumivu hupungua.

Naomba mnisaidie katika mambo haya. Je, mtu wa hali yangu anaweza kufikia kilomita 42 ifikapo Novemba bila kujidhuru? Nikilazimika kukimbia nusu marathoni badala yake, niwaeleze nini walioahidi kwa kila kilomita, maana umbali ukipungua nusu, fedha za watoto nazo zitapungua nusu? Na je, ni halali kutoa ada ya kujiandikisha na nauli ya basi la Kampala katika michango hiyo, au yote hayo ni juu yangu?

Mkimbiaji wa Kapchorwa

Mwalimu, pole kwa kazi, na hongera kwa moyo huo. Nitakujibu bila kuzunguka: kwa msingi ulio nao, Novemba hii kimbia kilomita 21, na zile 42 uzipangie mwaka ujao. Sisemi hivyo kwa kuudharau uwezo wako. Mtu anayekimbia kilomita kumi kwa mwaka mzima tayari ana moyo na mapafu yanayofanya kazi vizuri, lakini mifupa na kano hujenga uimara polepole zaidi kuliko moyo. Moyo huzoea mazoezi mapya kwa wiki chache. Mfupa wa muundi na kano ya kisigino huhitaji miezi. Ndiyo maana wakimbiaji wengi huumia katika kipindi kilekile wanachojisikia wana nguvu kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa pumzi yao imetangulia na miguu yao bado iko nyuma.

Kilomita 42 ni shughuli tofauti kabisa na kilomita kumi, hata kwa walio bora duniani. Mwenzetu Joshua Cheptegei aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 huko Monaco mwezi Agosti 2020, kwa dakika 12:35.36, na mwezi Oktoba mwaka huohuo akaweka ya mita 10,000 huko Valencia, kwa dakika 26:11.00. Alipokimbia marathoni yake ya kwanza, Desemba 2023, katika mji uleule wa Valencia, alimaliza akiwa wa 37 kwa saa 2:08:59. Miezi minane baadaye alikuwa Paris akitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000. Huyo hakuwa mtu aliyepungukiwa na mazoezi wala kipaji. Mwili huhifadhi wanga ndani ya misuli na ini, na kwa wakimbiaji wengi akiba hiyo hukaribia kwisha baada ya kilomita thelathini hivi. Kutoka hapo, anayeendelea vizuri ni yule ambaye kwa muda mrefu ameufundisha mwili wake kutumia mafuta, kupokea chakula wakati wa kukimbia na kuvumilia misuli iliyochoka. Hakuna njia ya mkato ya kuyapata hayo kati ya Julai na Novemba kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka kilomita kumi.

Kuhusu muundi, fanya jaribio hili leo jioni. Pitisha kidole polepole juu ya mfupa kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Ikiwa maumivu yametapakaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, na yanapungua ukishapata joto kama unavyoeleza, mara nyingi ni mzigo uliozidi haraka mno, na dawa yake ni kupunguza umbali, kukimbia kwenye udongo badala ya lami, na kuimarisha misuli ya shavu la mguu kwa kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kunyanyua visigino taratibu, siku moja ukifanya, siku moja ukipumzika. Lakini ikiwa maumivu yako mahali pamoja tu, padogo kama sarafu, au yanakuamsha usiku, au unayahisi hata ukitembea, acha kukimbia kabisa na uende ukachunguzwe, kwa sababu huenda mfupa umeanza kupata ufa. Picha ya eksirei iliyopigwa mapema inaweza isioneshe kitu, kwa hiyo usijipe ruhusa ya kurudi barabarani kwa sababu tu picha ni safi.

Mguu ukitulia, kimbia siku nne kwa wiki. Siku tatu kati ya hizo ziwe za mwendo mwepesi, na kipimo changu cha mwepesi ni hiki: uweze kuzungumza na mwenzako kwa sentensi nzima bila kukata maneno. Wakimbiaji wengi ninaowaona wakiumia hukimbia siku zote kwa kasi ya katikati, ambayo ni kubwa mno kwa kupumzisha mwili na ndogo mno kwa kuujenga. Siku ya nne iwe ya milima. Kampala si tambarare. Ukishaondoka Kololo, mbio zinapoanzia, utapanda na kuteremka mara kwa mara, na anayefanya mazoezi kwenye barabara za sawasawa hushangazwa na mapaja yake anapoteremka kuliko anapopanda. Tafuta mlima usiozidi dakika mbili kuupanda, panda kwa nguvu ya wastani, teremka kwa kutembea, rudia mara nne, na baada ya wiki kadhaa rudia mara nane.

Mbio ndefu ya Jumapili ndiyo nguzo ya yote. Anza na kilomita kumi unazozijua, ongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili mwili ujijenge. Ukifika kilomita kumi na nane au kumi na tisa, wiki tatu kabla ya mbio, inatosha. Haikulazimu kukimbia 21 kamili mazoezini. Wiki mbili za mwisho punguza umbali, bila kuacha kukimbia. Toka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri, na kaa upande wa kulia wa barabara ili magari na bodaboda vije mbele yako ukiviona.

Viatu ni jambo ambalo watu hulichukulia kwa wepesi. Wengi wetu hununua vya mitumba, na si vibaya, ila usitazame juu tu palipong'aa. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi pembeni, ile sponji imekwisha kazi, na hicho kiatu kinaweza kuwa miongoni mwa sababu za muundi wako kuuma.

Siku yenyewe, kumbuka jinsi Stephen Kiprotich alivyokimbia marathoni ya Olimpiki huko London tarehe 12 Agosti 2012. Wilson Kipsang wa Kenya alichomoka mapema akawaacha wenzake. Kiprotich hakubabaika, alibaki karibu kwa subira, na zikiwa zimebaki kilomita chache akawapita Kipsang na Abel Kirui, akamaliza kwa saa 2:08:01, na kuipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Kilomita tano za mwanzo ukimbie kwa namna ambayo utajiona kama unachelewa.

Muuguzi wa Mbale

Mwalimu, nimefanya kazi na watoto wenye seli mundu kwa muda mrefu, na nina mambo ambayo kaka wa Kapchorwa hakuyagusa.

La kwanza linakuhusu wewe mwenyewe. Je, unajua hali ya damu yako? Uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa nchini walikuwa wamerithi chembe ya urithi ya seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja kwa kawaida huishi bila dalili yoyote, na wengi hawajui mpaka wapate mtoto mgonjwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kukimbia, tena vizuri, na sitaki mtu yeyote hapa aache mazoezi kwa hofu. Hata hivyo, kwa nadra, mazoezi makali mno kwenye joto huku mwili ukiwa umepungukiwa na maji yanaweza kufanya seli zake nyekundu zijikunje na misuli ianze kuharibika. Basi ukapime. Ukikuta unayo, ongeza mazoezi kwa utaratibu uleule ulioshauriwa hapo juu, usijilazimishe kasi ya ghafla, na ukihisi misuli inalegea na kuuma kwa namna usiyoizoea, simama papo hapo na uombe msaada, ukiwaeleza wahudumu hali ya damu yako. Kupima kwako kutakuwa pia na maana kwa wanaokuchangia, kwa sababu wazazi wawili wenye chembe hiyo, katika kila mimba, wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa, na mwalimu akipima mbele ya jamii yake huwafungulia wengine mlango.

La pili ni dawa za maumivu. Nawaona wakimbiaji wengi wakimeza diklofenaki au ibuprofeni kutoka duka la dawa asubuhi ya mbio ili mguu usiwasumbue. Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mtu anayetoka jasho kwa saa mbili au tatu tayari figo zake ziko kwenye mzigo. Isitoshe, maumivu uliyoyanyamazisha ndiyo yaliyokuwa yakikuarifu kwamba mfupa unaumia. Vivyo hivyo, ukiwa na homa usikimbie hata kilomita moja. Pima malaria, maliza dawa, na urudi pole pole. Kuhusu maji, kunywa unapopata kiu, tena mara kwa mara kwa kiasi kidogo. Kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi hupunguza chumvi ndani ya damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji katika nchi nyingine. Kwa mbio inayozidi dakika tisini utahitaji pia kitu chenye sukari njiani: ndizi mbivu moja au mbili kila saa, au juisi iliyotiwa chumvi kidogo, ila ujaribu kwanza mazoezini, kwa sababu tumbo nalo hufundishwa.

La tatu ndilo ninalolisisitiza zaidi. Msiwakimbize watoto wenyewe. Shule nyingi hupenda, siku ya kumuaga mkimbiaji wao, kuwapanga wanafunzi barabarani wamsindikize kilomita kadhaa, na kwa nia njema kabisa huwaweka mbele wale wanaochangiwa. Uchovu mkali, baridi ya mvua, na upungufu wa maji ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu kwa mtoto mwenye seli mundu, na huenda akalazwa wiki nzima kwa sababu ya sherehe iliyofanywa kwa ajili yake. Wakae kivulini, wapewe maji, wakushangilie.

Na fedha zikipatikana, nenda kwa wahudumu wa kliniki ya seli mundu iliyo karibu nanyi, uwaulize upungufu uko wapi kabla hujanunua chochote. Watoto hawa wanahitaji dawa za kila siku: foliki asidi, penisilini kwa walio chini ya miaka mitano, kinga ya malaria, na kwa wengi wao haidroksiyurea. Hiyo ya mwisho ilifanyiwa utafiti katika nchi nne za Afrika, na hapa Uganda kituo kilikuwa Mbale. Matokeo yalionesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, na malaria, na haja ya kuongezewa damu, na vifo pia vilipungua. Lakini ni dawa inayohitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya damu, kwa hiyo usiinunue na kuigawa shuleni kwa mkono wako. Mara nyingi kinachokosekana ni nauli ya kuhudhuria kliniki kila mwezi, au gharama ya vipimo, au chandarua, na msaada wa namna hiyo, ingawa haupendezi kwenye picha, ndio unaomfanya mtoto aendelee kutumia dawa hata mwaka utakaofuata.

Dada wa Kasese

Nawaheshimu waliotangulia, lakini sikubaliani kikamilifu na mkimbiaji wa Kapchorwa. Kwa anayetaka kukimbia mfululizo, ni kweli kwamba muda hautoshi. Hata hivyo katika kikundi chetu wapo akina mama waliomaliza kilomita 42 kwa kukimbia dakika chache na kutembea dakika moja, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kungoja wachoke ndipo watembee. Namna hiyo hupunguza mshindo kwenye miguu, na mtu mwenye subira hufika. Sharti ni mambo mawili: mguu uwe umepona kabisa, na uulize waandaaji barabara itafungwa kwa muda gani, maana ni hatari kubaki peke yako katikati ya magari ya Kampala yaliyoachiliwa, saa ya jua kali.

Kwa sasa mguu unauma, kwa hiyo sitamhimiza mwalimu. Nimeandika ili asidhani kwamba lango la 42 ni la wenye kasi peke yao. Na kuhusu ahadi, kwa nini wasihesabu kilomita za mazoezi? Kuanzia Julai hadi Novemba utakimbia mamia ya kilomita. Waombe wakuchangie kwa hizo.

Mweka hazina, Jinja

Nimekuwa mweka hazina wa michango ya kanisa na ya kikundi chetu cha mbio kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitazungumzia fedha tu.

Dada wa Kasese, wazo lako la kuhesabu kilomita za mazoezi lina nia njema, lakini ningeliogopa kwa mtu mwenye muundi unaouma. Kila asubuhi atakayopaswa kupumzika atakuwa akiwaza kwamba anawanyima watoto fedha, na atakwenda barabarani. Kasoro hiyohiyo ndiyo iliyomo katika ahadi za sasa: zimefunga dawa ya mtoto kwenye mguu wa mwalimu. Mguu ukivunjika katika kilomita ya kumi na tano, je, mtoto atapata nusu ya nauli? Hakuna mchangiaji aliyekusudia hivyo. Aliyeahidi shilingi elfu moja kwa kilomita alikuwa na shilingi elfu arobaini na mbili moyoni mwake, na kilomita zilikuwa namna ya kuzihesabu.

Kwa hiyo waandikie wote sasa, bila kungoja Oktoba. Waeleze kwamba kwa ushauri wa kitaalamu utakimbia 21, na uwaombe wageuze ahadi kuwa kiasi kimoja kisichotegemea umbali. Atakayetaka kubaki na hesabu ya kilomita abaki, atakayejitoa ajitoe, na usimlaumu. Naamini wengi watabaki. Tazama mbio za saratani za Rotary zinazofanyika Agosti: tangu mwaka 2012 watu wamekuwa wakinunua fulana na kujitokeza, mwenye kukimbia akikimbia na mwenye kutembea akitembea, kwa ajili ya kituo cha saratani katika hospitali ya Nsambya. Hakuna anayemuuliza mwenzake alitumia saa ngapi. Mbio za kuadhimisha kuzaliwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, kila Aprili, nazo zimeelekezwa kwa nyakati tofauti kwenye fistula, kwenye seli mundu na kwenye vita dhidi ya UKIMWI, na maelfu wanaojaza barabara za Kampala wengi wao hutembea. Watu huchangia kwa sababu wanaijua shida na wanamwamini anayepokea.

Ada ya kujiandikisha, nauli, malazi na viatu vitoke mfukoni mwako, au kwa rafiki aliyekupa kwa kusudi hilo na kusema hivyo waziwazi. Najua mtu anaweza kutetea, kwa hoja nzuri, kwamba bila nauli mbio hazipo na bila mbio michango haipo. Lakini katika jamii ndogo, siku itakaposemwa kwamba mwalimu alisafiri kwa fedha za wagonjwa, utatumia miaka kulieleza neno hilo.

Usipokee fedha kwenye namba yako binafsi ya simu. Fungueni namba au akaunti ya jina la kamati, yenye watu wasiopungua watatu, mmoja wao awe mzazi wa mtoto mgonjwa, na fedha zisitoke bila idhini ya wawili. Ikiwa mnataka kuendelea baada ya Novemba, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya au jiji awaelekeze namna ya kuandikisha kikundi. Kumbukeni pia kwamba kutoa fedha kwenye simu hukatwa kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya mtandao, kwa hiyo kila mara inapowezekana lipeni moja kwa moja kutoka simu au benki kwenda kwa maabara au famasi, badala ya kutoa fedha taslimu na kuzibeba. Mtapunguza makato na mtabaki na kumbukumbu ya malipo.

Vitu vitakavyokwenda kwenye kituo cha afya cha serikali vipokelewe mbele ya kamati ya usimamizi wa kituo na kuandikwa kwenye daftari la stoo, nanyi mpewe nakala. Mkisharidhiana na kituo, msinunue dawa ambayo kituo kinatarajia kuletewa na bohari ya taifa ya dawa mwezi huohuo. Na nyongeza moja juu ya picha aliyoigusa muuguzi: sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inahusu pia taarifa za afya za mtoto, kwa hiyo usibandike jina wala sura ya mwanafunzi kwenye tangazo la mchango bila idhini ya mzazi. Binafsi ningekwenda mbali zaidi na kuacha kabisa sura za watoto, kwa sababu yule wa darasa la tatu leo atakuwa mtu mzima kesho, na picha itakuwa bado iko mtandaoni ikimtaja kwa ugonjwa wake.

Mwalimu wa Arua

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimepitisha kidole kama nilivyoelekezwa, na maumivu yametapakaa, hayako mahali pamoja. Hata hivyo nitapumzika kukimbia kwa wiki mbili, na nitakapokwenda kupima damu nitaonesha na mguu. Nimeamua kukimbia 21. Mwalimu mwenzangu na mama wa mwanafunzi mmoja wamekubali kuingia kwenye kamati pamoja nami, na gwaride la kunisindikiza tumelifuta.

Huu ndio ujumbe ninaotaka kuwatumia waliotoa ahadi. Naomba mweka hazina autazame:

"Ndugu mpendwa, ulikubali kunichangia kwa kila kilomita nitakayokimbia Kampala mwezi wa Novemba kwa ajili ya watoto wa shule yetu wenye seli mundu. Kwa ushauri niliopewa na watu wenye ujuzi, mwaka huu nitakimbia kilomita 21 badala ya 42. Mahitaji ya watoto hayajapungua. Naomba, ikiwa unaridhia, ahadi yako iwe kiasi kimoja utakachokichagua mwenyewe, ambacho hakitategemea umbali wala kumaliza kwangu. Gharama zangu zote za safari na kujiandikisha ninazilipa mwenyewe. Fedha zitapokelewa na kamati ya watu watatu, na matumizi yatakubaliwa pamoja na wahudumu wa kliniki."

Mweka hazina, Jinja

Ujumbe ni mzuri, mwalimu. Ongeza mambo mawili tu. Andika tarehe ambayo kamati itasoma hesabu mbele ya wazazi, na mahali pake, ili kila mtu ajue lini ataona stakabadhi. Kisha ueleze fedha zitakazobaki, ikiwa zitabaki, zitafanyiwa nini: mimi ningependekeza ziwekwe kwa ajili ya nauli za kliniki za muhula wa kwanza, kwa sababu Januari na Februari wazazi wanalipa karo na ndipo watoto wengi hukosa miadi yao.

Mkimbiaji wa Kapchorwa

Wiki mbili hizo usikae bure, mwalimu. Kama una baiskeli, endesha dakika arobaini siku tatu kwa wiki kwenye barabara isiyo na mashimo, na visigino vinyanyue kila jioni. Utakaporudi kukimbia, anza na kilomita nne kwenye udongo, siku moja ukikimbia, siku moja ukipumzika, na utuandikie hapa muundi unasemaje baada ya wiki ya kwanza. Muundi ukinyamaza, Jumapili ya pili tupange upya.